Gari Linapotetema: Jua Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Magari mengi madogo yanayotembea katika barabara za Dar es Salaam yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japan. Toyota IST, kwa mfano, ilianza kuuzwa huko mwaka 2002, na toleo lake la kwanza likakoma kutengenezwa mwaka 2007. Gari la umri huo likitunzwa bado hufanya kazi vizuri. Hata hivyo, mpira hukakamaa, plagi huisha, mabomba hupasuka, na mmiliki huanza kuhisi jambo ambalo hakulihisi siku gari lilipotoka bandarini, yaani mtetemo. Usukani unacheza, kiti kinatikisika, na kioo cha pembeni hakionyeshi tena taswira iliyotulia.

Mtetemo ni dalili, na dalili moja huweza kuwa na vyanzo vingi. Hapo ndipo mlaji anapopoteza fedha. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa vitenge wa Mtaa wa Kongo ambaye gari lake linatetema akiwa kwenye foleni. Fundi wa kwanza anamwambia abadilishe mipira ya kushikia injini. Anainunua, inafungwa, na mtetemo unabaki. Fundi wa pili anamwambia ni nozeli. Anazinunua, na mtetemo unabaki. Fundi wa tatu anamwambia kuwa injini imechoka, atafute injini ya mtumba. Kumbe tangu mwanzo ilikuwa koili moja iliyokufa, ambayo ingegundulika kwa dakika chache bila kununua chochote.

Katika mfano huu hakuna aliyeiba. Kila kipuri kilichouzwa huenda kilikuwa halisi, na kila fundi huenda aliamini alichokisema. Kosa ni kwamba kipuri kilinunuliwa kabla ya chanzo kujulikana. Makala haya yanaeleza namna ya kupunguza makosa ya aina hiyo. Hatukusudii kumgeuza mlaji kuwa fundi. Tunakusudia afike gereji akiwa na maelezo yatakayomsaidia fundi, na afike dukani akijua anachokinunua na kwa nini.

MTETEMO HUTOKA WAPI

Injini ya silinda nne ikiwa imewashwa na gari limesimama huzunguka takriban mara 700 kwa dakika. Mzunguko huo wa taratibu ndio mafundi wetu wanaouita silensa. Katika kila mizunguko miwili, kila silinda huunguza mafuta mara moja. Hivyo injini hupata misukumo 1,400 kwa dakika, karibu 23 kwa sekunde. Misukumo hiyo ikiwa sawa na ikifuatana kwa nafasi sawa, mpira unaoshikilia injini huimeza, na abiria hahisi kitu.

Silinda moja ikiacha kuunguza mafuta, pengo hutokea katika mfuatano huo. Pengo hilo hurudi karibu mara 6 kwa sekunde, polepole kiasi cha kuhisiwa kwa kiganja kilichowekwa juu ya usukani. Ndiyo maana mafundi husema gari "linamisi": linaruka pigo kwa mpangilio, kama mtu anayetembea huku mguu mmoja ukimuuma.

Tairi nalo lina mwendo wake. Tairi la gari dogo lenye rimu ya inchi 15 lina mzingo wa karibu mita 2. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, tairi hilo huzunguka zaidi ya mara 11 kwa sekunde. Likiwa na uzito usiolingana upande mmoja, kila mzunguko hulitikisa gari mara moja.

Kwa hiyo injini na matairi havitikisi gari kwa wakati mmoja wala kwa namna moja. Mtetemo wa injini hufuata mzunguko wa injini, hata gari likiwa limesimama. Mtetemo wa matairi hufuata mwendo wa gari, na gari likisimama hutoweka. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kazi yote inayofuata.

SWALI LA KWANZA: GARI LIMESIMAMA AU LINATEMBEA?

Kabla ya kwenda kwa fundi, chukua daftari na uandike majibu ya maswali haya. Chagua eneo tambarare na salama. Vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu, na hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari.

1. Gari likiwa limesimama na gia ikiwa kwenye N au P, je, linatetema?
2. Ukiweka gia kwenye D huku umekanyaga breki, mtetemo unaongezeka?
3. Ukiwasha kiyoyozi, mtetemo unaongezeka au unabaki ulivyokuwa?
4. Ukirudisha gia kwenye N na kukanyaga mafuta kidogo, mtetemo unapotea au unazidi?
5. Je, mtetemo huwa mkubwa asubuhi injini ikiwa baridi, au baada ya kukaa kwenye foleni injini ikiwa imepata joto?
6. Barabarani, unaanza katika mwendo gani, na unapotea katika mwendo gani?
7. Unausikia ukikanyaga mafuta tu, ukikanyaga breki tu, au wakati wote?
8. Taa ya injini kwenye dashibodi imewaka? Inawaka moja kwa moja au inamweka?
9. Ulianza lini, na ni jambo gani lilifanyika kabla yake: kuosha injini, kujaza mafuta, kubadilisha tairi, kupita kwenye maji, au kufanyiwa matengenezo mengine?

Swali la tisa hupuuzwa mara nyingi, nalo ndilo linaloweza kuokoa fedha nyingi zaidi. Mtetemo ulioanza siku ileile tairi lilipobadilishwa una uwezekano mkubwa wa kutoka kwenye tairi. Mtetemo ulioanza saa chache baada ya injini kuoshwa una uwezekano mkubwa wa kutoka kwenye maji.

MTETEMO GARI LIKIWA LIMESIMAMA

Gari likitetema katika foleni ya Msimbazi au kwenye taa za Fire, kisha likatulia linapoanza kwenda kasi, kuna makundi matatu ya kuchunguza.

Kundi la kwanza ni silinda isiyofanya kazi ipasavyo. Dalili zake ni mtetemo wenye mapigo, mlio wa ekzosi unaokatikakatika, nguvu kupungua hasa unapopanda mlima, na mafuta kuisha haraka kuliko kawaida. Kinachoanza kuchunguzwa hapa ni plagi na koili, kwa kuwa ni rahisi kufikiwa na gharama yake ni ndogo. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 2000, kila silinda ina koili yake. Fundi huweza kuhamisha koili ya silinda inayoshukiwa na kuiweka kwenye silinda nyingine. Hitilafu ikihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu. Isipohama, fundi huendelea na plagi, kisha nozeli. Jaribio hili halihitaji kipuri kipya hata kimoja. Hata hivyo, koili hubeba umeme wenye nguvu kubwa, kwa hiyo kazi ya kuichomoa mwachie fundi.

Ikiwa koili, plagi na nozeli ni nzima, fundi apime kompresheni, yaani shinikizo la hewa ndani ya kila silinda. Silinda moja ikiwa na shinikizo dogo sana kuliko nyingine, tatizo liko ndani: valvu, ringi za pistoni, au gasketi ya silinda hedi. Gasketi iliyoungua huambatana na dalili nyingine: maji ya rejeta kupungua bila kuonekana yanakovujia, moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata joto, au oili kuwa na rangi ya maziwa. Uamuzi wa kufungua injini, au wa kununua injini ya mtumba, usifanywe kabla ya kipimo hiki. Mwombe fundi akuandikie namba aliyoisoma kwa kila silinda.

Kundi la pili ni silensa yenyewe kuwa chini au kutotulia. Hapa silinda zote zinafanya kazi, lakini injini inapumua vibaya. Throtoli ikijaa masizi, hewa haipiti kwa kiasi kinachotakiwa. Bomba la mpira likipasuka, hewa isiyopimwa huingia kwa mlango wa nyuma, na mara nyingi husikika sauti kama ya mluzi au kupuliza. Mshale wa mzunguko wa injini hupanda na kushuka, na kiyoyozi kikiwashwa gari hutaka kuzima. Kusafisha throtoli na kukagua mabomba ni kazi ndogo. Ifanywe kabla ya kununua throtoli nyingine.

Kundi la tatu ni mipira ya kushikia injini, ambayo dukani huitwa mauntini. Injini haijafungwa moja kwa moja kwenye bodi. Imekaa juu ya vishikizo vya chuma na mpira, na baadhi yake huwa na kimiminika ndani. Mpira ukikatika au kimiminika kikivuja, mtetemo wa kawaida wa injini hupita hadi kwenye kiti. Dalili yake kubwa ni kwamba mtetemo huongezeka gia ikiwa kwenye D na hupungua kwenye N, na pengine husikika kishindo gia inapohamishwa kutoka D kwenda R. Fundi hukagua kwa kutazama injini inavyonyanyuka gia inapohamishwa huku breki zimekanyagwa kikamilifu. Anayetazama asimame pembeni, kamwe asisimame mbele ya gari.

Hapa pana jambo ambalo mlaji anapaswa kulielewa vizuri. Mauntini mpya huweza kupunguza mtetemo unaosababishwa na silinda mbovu, kwa sababu mpira mpya humeza zaidi. Mteja akaridhika, akalipa, na baada ya wiki chache tatizo likarudi likiwa kubwa. Kwa sababu hiyo, utaratibu ulio salama ni kuthibitisha kwanza kwamba silinda zote zinafanya kazi, ndipo mauntini zijadiliwe.

Si kila mtetemo ni ugonjwa. Injini za silinda tatu, zilizomo katika baadhi ya magari madogo kama vile baadhi ya matoleo ya Toyota Vitz yenye injini ya lita moja, hutetema zaidi ya injini za silinda nne hata zikiwa mpya. Mwenye gari la aina hiyo alilinganishe na gari jingine la aina hiyohiyo, wala si na gari la jirani lenye silinda nne.

MTETEMO GARI LIKIWA LINATEMBEA

Gari likitulia linaposimama na likaanza kutetema barabarani, usikubali kuuziwa plagi wala mauntini kabla matairi hayajakaguliwa.

Mtetemo unaoanza katika mwendo fulani, kwa mfano kilomita 80 kwa saa, na unaosikika hata ukiondoa mguu kwenye mafuta, mara nyingi hutokana na matairi: balansi, tairi lililovimba, au rimu iliyopinda kwa kuingia kwenye shimo. Ukisikika zaidi kwenye usukani, anza na matairi ya mbele. Ukisikika zaidi kwenye kiti, anza na ya nyuma.

Mtetemo unaosikika unapokanyaga mafuta kwa nguvu, kisha ukapungua unapoyaachia, huelekeza kwenye jointi za ekseli zinazopeleka nguvu kwenye matairi, au kwenye mauntini zilizokatika. Kagua kama mpira unaofunika jointi umepasuka na grisi imetapakaa ndani ya rimu.

Mtetemo unaosikika ukikanyaga breki tu, hasa unapopunguza mwendo mkubwa, hutokana mara nyingi na diski za breki ambazo unene wake hauko sawa. Hapa injini haihusiki kabisa.

Mtetemo mpya unaoongezeka siku hadi siku baada ya tairi kufunguliwa ni hatari. Nati za tairi huenda hazikukazwa. Simama mahali salama, zikague, na usiendelee na safari kabla ya kuzikaza.

MAMBO YANAYOTUPATA ZAIDI SISI WA DAR ES SALAAM

Yako mazoea na mazingira ya jiji letu yanayozalisha mtetemo katika gari ambalo halina hitilafu nyingine.

La kwanza ni kuosha injini kwa maji ya presha. Plagi za magari mengi zimekaa ndani ya visima juu ya injini, na koili zimeziba visima hivyo kwa mpira. Mpira wa gari la zamani hukakamaa, maji yakapenya, na umeme ukapotea kabla ya kufika kwenye plagi. Mwenye gari akiwasha, linamisi. Tiba ni kufungua koili, kukausha visima kwa hewa na kukagua mpira. Si lazima kununua koili nne. Ukitaka injini isafishwe, mwambie mwoshaji atumie kitambaa na brashi, na asielekeze maji juu ya koili wala soketi za umeme.

La pili ni maji ya mvua. Wakati wa masika, maeneo ya bonde la Mto Msimbazi kama Jangwani hujaa maji mara kwa mara. Gari lililopita kwenye maji mengi na kuanza kutetema likaguliwe kabla ya kuendeshwa tena. Gari lililozima ndani ya maji lisiwashwe kabisa hadi fundi athibitishe kwamba maji hayakuingia kwenye silinda. Maji hayabanwi kama hewa, na injini iliyojaa maji ikilazimishwa kuzunguka huweza kupinda mikono ya pistoni.

La tatu ni mafuta. Mtetemo ukianza mara tu baada ya kujaza mafuta, na gari halikuwa na tatizo hapo kabla, yawezekana mafuta yana maji au yamechanganywa. Utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ulianza nchini mwaka 2010 ili kudhibiti uchakachuaji, lakini mlaji bado anapaswa kutunza risiti ya kila anapojaza. Bila risiti yenye jina la kituo, tarehe na saa, ni vigumu kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kufuatilia lalamiko lako.

La nne ni foleni na joto. Gari linalokaa saa nzima likiwa limewashwa bila kusonga, kiyoyozi kikifanya kazi, hulazimisha injini kubeba mzigo ikiwa kwenye mzunguko mdogo kabisa. Hitilafu ndogo ambayo isingesikika katika safari ya Morogoro husikika hapa. Ndiyo maana tunasisitiza uandike mtetemo ulitokea katika mazingira gani.

UNAPOFIKA GEREJI

Mafundi wengi wa Gerezani na Ilala wana uzoefu wa miaka mingi, na wengi wao ni waaminifu. Fundi mzuri hachukizwi na mteja anayeuliza. Anza kwa kumweleza ulichokiandika, bila kumpa jibu: "Fundi, gari linatetema likiwa limesimama kwenye D. Nikiweka N linapungua, na taa ya injini haijawaka. Naomba unitafutie chanzo kwanza, kabla hatujanunua kitu." Ukimwambia "nibadilishie mauntini", atakubadilishia mauntini, na mtetemo ukibaki atakuwa ametimiza ulichomwagiza.

Patana naye mambo yafuatayo kabla ya kazi kuanza:

1. Gharama ya uchunguzi iwe tofauti na gharama ya matengenezo. Kutafuta chanzo ni kazi, na fundi anastahili kulipwa kwa kazi hiyo. Fundi anayelipwa kwa uchunguzi halazimiki kutafuta ujira wake ndani ya bei ya kipuri.
2. Aeleze ni kipimo gani kilichomfikisha kwenye hitimisho lake. Ikiwa gari limepimwa kwa mashine, andika namba za hitilafu zilizoonekana. Katika mfumo wa kawaida, P0300 ni misi isiyo na silinda maalumu, na P0301 hadi P0304 hutaja silinda ya kwanza hadi ya nne. Namba hiyo huonyesha silinda yenye shida, lakini haisemi kama ni plagi, koili, nozeli au valvu. Aidha, baadhi ya mashine ndogo haziwezi kusoma kila gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japan.
3. Asibadilishe kipuri kingine bila ruhusa yako.
4. Kila kipuri kilichotolewa urudishiwe, hata kama hakifai tena.
5. Baada ya kazi, mjaribu gari pamoja katika hali ileile iliyokuwa ikileta mtetemo.

Kibadilishwe kipuri kimoja, kisha gari lijaribiwe, ndipo kifuate kingine. Vikibadilishwa vinne kwa pamoja na mtetemo ukaisha, umelipia vinne na hujui ni kipi kilichohitajika.

UNAPOFIKA DUKANI

Kariakoo, Gerezani na Shauri Moyo ni maeneo ambayo mlaji hupata karibu kila kipuri, kipya na cha mtumba. Wingi huo ni faida, lakini humtaka mnunuzi awe makini.

Nenda na kipuri cha zamani mkononi, pamoja na namba ya chesisi ya gari. Magari yenye jina moja huweza kuwa na injini tofauti, na mauntini ya gari moja haikai kwenye jingine hata kama zinafanana kwa macho.

Plagi ni miongoni mwa vipuri vinavyoweza kughushiwa kwa urahisi, kwa kuwa ni vidogo na vina jina linalojulikana. Kagua maandishi kwenye boksi na kwenye plagi yenyewe. Chapa iliyofifia, herufi zilizokosewa, uzi wa skrubu wenye mikwaruzo, na ncha isiyokaa katikati ni dalili za kutiliwa shaka. Plagi za iridiamu, ambazo watengenezaji wengi huzipa umri wa takriban kilomita 100,000, zina ncha nyembamba kuliko plagi za kawaida. Boksi likisema iridiamu na ncha ikawa nene, usinunue. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine nayo ni onyo. Wahenga walisema, rahisi ghali.

Kipuri cha mtumba si haramu, na pengine mauntini ya mtumba iliyo nzima ni bora kuliko mpya ya bandia. Hata hivyo, muuzaji akuambie wazi kuwa ni cha mtumba, na kiandikwe hivyo kwenye risiti. Mpira huzeeka hata bila kutumika: ubonyeze, ukunje kidogo, utazame nyufa. Injini ya mtumba inunuliwe kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja namba ya injini, muda wa majaribio, na nani atagharamia kazi ya kuifungua ikiwa itaonekana mbovu.

Dai risiti ya EFD kila mara. Hakikisha inataja jina la kipuri na bei halisi uliyolipa. Fundi akikununulia kipuri, risiti ni yako, si yake.

SHERIA INAKULINDAJE

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa na huduma. Kusema kipuri ni kipya wakati ni cha mtumba, au kwamba ni cha mtengenezaji fulani wakati sicho, ni kumpotosha mlaji. Sheria ya Alama za Bidhaa, Sura ya 85, inahusu bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani (FCC) inaisimamia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inatambua nafasi ya mnunuzi aliyemweleza muuzaji mahitaji yake na kutegemea ujuzi wake. Hivyo ni vema kumwambia muuzaji waziwazi, na ikiwezekana mbele ya shahidi, kipuri ni cha gari gani na cha kazi gani.

Katika maduka mengi hubandikwa maandishi yasemayo kuwa mali ikishauzwa hairudishwi. Maandishi hayo hayampi muuzaji ruhusa ya kuuza bidhaa bandia au kumdanganya mnunuzi. Ukiuziwa kipuri kisicho kile ulichoambiwa, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti, boksi na kipuri chenyewe. Zungumza naye kwa utulivu na umpe nafasi ya kubadilisha au kurudisha fedha. Akikataa, andika lalamiko na uliwasilishe Tume. Lalamiko lenye risiti, tarehe, jina la duka, picha za kipuri na maelezo ya fundi hushughulikiwa kwa urahisi zaidi kuliko lalamiko la mdomo. Suala la ubora wa kipuri usiokidhi viwango laweza pia kuwasilishwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

USIENDESHE GARI ENDAPO

Baadhi ya mitetemo haisubiri wikiendi. Simama na utafute msaada ikiwa:

1. Taa ya injini inamweka huku gari likimisi. Mafuta yasiyoungua huingia kwenye ekzosi na kuyapasha joto kupita kiasi masega yanayosafisha moshi. Masega huharibika, na joto hilo huweza kuwasha nyasi kavu au takataka chini ya gari.
2. Unasikia harufu ya petroli au ya kitu kinachoungua.
3. Mshale wa joto umepanda, au maji ya rejeta yanapungua.
4. Mtetemo umeanza ghafla baada ya tairi kufungwa, au usukani unavuta upande mmoja.
5. Kuna kishindo cha chuma kila unapokanyaga mafuta au kubadilisha gia.

Ukifungua boneti injini ikiwa inanguruma, weka mbali kanga, mtandio, tai na mikono mirefu ya nguo. Feni ya rejeta huweza kuanza kuzunguka yenyewe wakati wowote.

Katika hali nyingine zote, una muda. Utumie kujibu maswali tisa tuliyoyaorodhesha, kisha hifadhi majibu hayo pamoja na risiti zako zote katika daftari moja linalokaa ndani ya gari. Daftari hilo litakusaidia mbele ya fundi, mbele ya muuzaji, na ikibidi, mbele ya Tume. Mali bila daftari huisha bila habari, na gari ni mali.